Aliyelipwa Kwanza

Mtu anayetaka kufutiwa madeni na serikali lazima kwanza athibitishe kwamba hana kitu, na kuthibitisha kwamba huna kitu ni kazi ya mwenye nacho. Inataka nauli ya kwenda na kurudi, fotokopi za kila karatasi uliyowahi kutia sahihi, picha ndogo za uso, na siku nzima ya kazi ambayo mwisho wa mwezi itakatwa kwenye mshahara. Kibiriti aliihangaikia safari hiyo kwa wiki kadhaa, akikwangua hapa na pale, mpaka mumewe akamuuliza kama anakwenda kufutiwa deni au kukopa jingine.

Hilo la Kibiriti si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na ukimkwaruza kidogo tu anawaka. Alikuwa amekaa kwenye chumba hicho zaidi ya miaka ishirini. Alianzia upande wa mashine, yanakoingia mashuka ya wodini na kila aina ya uchafu unaoweza kutoka kwenye mwili wa mtu. Akapanda hadi kwenye kukausha, na mwishowe akafika kwenye meza ya kukunja, ambako watu husema ndiko kazi safi iliko.

Ni kweli ni safi. Ila shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Linataka wawili, kila mmoja ashike pembe zake mbili, walivute mpaka linyooke, walikung'ute, kisha wasogeleane mpaka mikono ikutane, mmoja amkabidhi mwenzake pembe zake na kuinama kuokota mkunjo wa chini, warudi nyuma, wasogeleane tena. Kutwa nzima ni hivyo. Mtu unayekunja naye utamjua mpaka alichokula asubuhi, na kama usiku aligombana na mtu nyumbani, utakuwa wa kwanza kujua kwa namna anavyolivuta shuka.

Wa Kibiriti alikuwa Twiga, na huyo naye jina lake lilitokana na alivyoumbwa. Walipolishika shuka lilikaa mshazari, upande mmoja juu na mwingine chini, na wafuaji wenzao hawakuchoka kuwacheka. Twiga alikuwa mjane, mtu wa maneno machache. Kibiriti alimwaga kumi, yeye akajibu moja, na hilo moja likatosha. Walikunjiana miaka kumi na kitu bila kugombana, jambo ambalo Kibiriti hakuliweza hata na dada zake wa tumbo moja.

Madeni yalianza na macho ya mumewe. Mume huyo alikuwa fundi wa kuchomea vyuma, hodari wa mageti na madirisha, na kama mafundi wengi wa enzi zake aliiona ile miwani ya kazi kuwa pambo la waoga. Macho yalipoanza kumwingia ukungu alisema ni vumbi. Alipogonga mlango aliouchomea mwenyewe alisema mlango umekaa vibaya. Alipokubali kupelekwa kwa daktari, mambo yalikuwa yamekwishaharibika, na upasuaji ukatakiwa wa haraka. Jicho moja likapata mwanga wa kumwezesha kuona mtu amesimama mlangoni, la pili likaenda na maji. Deni lilikuwa la macho yote mawili.

Mbele ya geti la hospitali palikuwa na duka la mikopo ya haraka. Lilikaa pale kama maduka ya majeneza yanavyokaa, kwa kujua wateja wake wanatokea wapi. Kibiriti aliingia asubuhi akatoka na pesa kabla ya chai ya saa nne. Baada ya miezi michache riba ilikuwa imelipita deni lenyewe, akakopa kwenye simu ili alipe dukani, akakopa kwenye simu nyingine ili alipe simu ya kwanza, na duka nalo likapeleka barua kwa mwajiri. Tangu hapo mshahara ulipofika mkononi mwake ulikuwa umekwishapita kwa watu wengine wote, na kilichobaki hakikufika hata katikati ya mwezi. Wadai wa simu walimpigia kazini. Walimwita mwizi, wakamwita mama mzima asiye na haya, na baadhi yao kwa sauti walikuwa sawa na watoto wake wa kuwazaa.

Katikati ya hayo yote, wakati hospitali ilipotaka malipo ya jicho la pili kabla ya kulipasua, Twiga alimkopesha. Hakukuwa na karatasi wala shahidi. Alizitoa kwenye mfuko wa nailoni alioufunga fundo, akamwekea juu ya meza ya kukunjia na kusema, "Utanirudishia ukipata." Kibiriti alijua pesa zile zilikuwa za nini. Twiga alikuwa na kiwanja kidogo nje ya mji, amekwishasimamisha kuta za vyumba viwili, na alikuwa akiweka akiba ya mabati ili aache kupanga kwa watu.

Sasa, duka la mikopo halina uso. Lina kaunta, lina kijana anayesoma kwenye kompyuta, mwaka ujao atakuwa mwingine. Twiga alikuwa na uso, na uso huo ulimjia Kibiriti karibu kila dakika, umeinama juu ya pembe za shuka. Hakuwahi kumdai hata kwa mzaha. Hilo ndilo lilimchoma Kibiriti zaidi, kwa sababu mtu anayekutukana utamrudishia tusi lake mkalingana. Akaanza kukunja huku akitazama vidole. Akaanza kuzungumza kidogo. Wenzake wakadhani ni mgonjwa.

Ndipo hospitali ikawapa zawadi wafanyakazi wa miaka mingi. Waliitwa ukumbini, mkurugenzi akahutubia kwa kirefu kuhusu moyo wa kujitolea, kila mmoja akapewa soda na bahasha. Bahasha ilikuwa nene kuliko soda ilivyokuwa baridi. Kibiriti alitoka ukumbini mguu kwa mguu hadi chumba cha kufulia, akamlipa Twiga deni lote mbele ya kila aliyekuwepo. Duka la mikopo hakulipa hata senti. Siku hiyo alikunja mashuka akiimba, na Twiga akamwambia sauti yake inatisha wagonjwa. Miezi miwili baadaye Twiga aliezeka. Kibiriti alikwenda kuiona nyumba, akasimama chini ya lile bati jipya akajisikia kama ameezeka yeye.

Furaha hiyo haikupunguza makato. Habari za ofisi ya msamaha wa madeni alizisikia redioni, kwamba kuna sheria ya watu wa kipato cha chini, kwamba mtu akikubaliwa makato yanasimama siku hiyo hiyo na simu zinakoma. Alimsikiliza mtangazaji amesimama na mwiko mkononi. Kitu kimoja tu alichotaka katika maisha yaliyobaki ni kushika mshahara wake mzima, auhesabu, aumalize mwenyewe. Hakutaka utajiri.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya benki. Afisa aliyempokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kusomea na adabu ya mtu aliyezoea kuona watu wazima wakilia. Alimpa kiti, akamweleza kwamba sheria hutazama mambo manne. Kipato kinachobaki baada ya matumizi ya lazima kisizidi kiasi fulani, mali isizidi kiasi fulani, madeni nayo yasizidi kiasi fulani, na la nne watalifikia. Kisha akaanza kuuliza, na hapo Kibiriti akaonja aina mpya ya aibu. Sabuni shilingi ngapi kwa mwezi. Mkaa. Dawa za mgonjwa. Nguo za ndani. Kila alipoulizwa alitaja kidogo kuliko ukweli, kwa sababu alikuwa amelelewa kwamba mwanamke wa maana hatangazi shida zake kwa wanaume asiowajua.

"Mama," alisema afisa, "hapa usijikaze. Ukijikaza hapa, utaonekana unacho."

Basi akajilegeza. Alisema dawa hununua nusu dozi. Alisema godoro wanalolalia limepasuka na pamba inatoka. Mali zikahesabiwa: kitanda, meza, jiko, redio, na mashine ya kuchomea vyuma ya mumewe, iliyofunikwa gunia kwenye kona kwa sababu mume alikataa katakata kuiuza. Afisa akasema hiyo ni kitendea kazi, haihesabiwi. Kibiriti hakutaka kumwambia kwamba anayeitenda hiyo kazi siku hizi anahitaji kushikwa mkono kwenda chooni. Mwishowe afisa akajumlisha, akatoa, akatabasamu, akasema kwa vigezo vitatu vya mwanzo amepita bila wasiwasi. Kibiriti alifurahi kama mtoto aliyeshinda mtihani, halafu akakumbuka ni mtihani gani, akashusha macho.

"Limebaki moja," alisema afisa. "Ndani ya miaka miwili iliyopita, kuna mdai yeyote uliyemlipa deni lake lote, huku wengine wakisubiri?"

Kwa muda wote aliokaa kwenye kiti kile Kibiriti alikuwa ameulizwa juu ya kushindwa kwake. Hili lilikuwa swali la kwanza lililomkuta na jibu zuri, akaketi wima.

"Yupo," alisema. "Mwenzangu wa kazini. Nimemlipa lote."

Afisa hakuandika. Alivua miwani, akautazama mlango uliokuwa umefungwa, akairudisha usoni. Alisema atalisoma swali tena, polepole, na angependa mama alifikirie kabla ya kujibu, kwa sababu watu wengi husahau, na wengi hukosea tarehe. Miaka miwili ni mingi. Akalisoma tena, neno kwa neno, kalamu akiwa ameiweka mezani.

Mtu mwingine yeyote angeshtuka. Muuza nyanya angeshtuka, dereva angeshtuka, hata mumewe asiyeona angeona. Lakini Kibiriti alisikia kitu kimoja tu, kwamba mtu huyu mwenye tai anatilia shaka kama kweli alimlipa Twiga. Deni lile lilikuwa limemkondesha kuliko mengine yote, kulilipa ndilo jambo pekee aliloweza kujivunia katika miaka mitano ya kudhalilika, na sasa anaambiwa huenda amesahau. Akawaka.

"Nisahau nini?" alisema. "Nimemlipa mwaka jana, siku tuliyopewa zawadi za kazi, mbele ya watu. Kila senti. Sina deni la mtu yule. Muulize mwenyewe, ameezekea nyumba."

"Ameezekea nyumba," afisa alirudia kwa sauti ya chini, akachukua kalamu akaandika.

Kisha akaeleza. Sheria huwatazama wadai wote sawasawa. Mwenye deni akimlipa mmoja lote na kuwaacha wengine, huhesabiwa kwamba amempendelea kwa pesa ambazo zilipaswa kugawanywa kwa wote. Kibiriti akabisha kwamba wale wengine wana mawakili, wana kompyuta, wana mkono ndani ya mshahara wake, lakini yule mwenzake hakuwa na chochote isipokuwa neno lake yeye. Afisa akasema anaelewa. Akasema njia ni mbili. Aliyelipwa arudishe pesa zile ofisini zigawanywe, naye ahesabiwe upya kama mdai pamoja na wengine, au ombi likataliwe. Kibiriti akauliza kama haliwezi kufutwa lile alilolisema.

"Nilikuuliza mara mbili, mama."

Alikuwa ameshuka ngazi nusu ndipo akili ikamfungukia, kalamu iliyowekwa mezani, jicho lililokwenda mlangoni, maneno kuhusu watu wanaokosea tarehe. Akakaa kwenye ngazi. Watu wa benki walimpita huku na huku. Alijitukana kwa matusi ambayo hata wale wa simu hawakuwahi kumtukana.

Alikuwa amemwomba afisa amwache aongee na Twiga kabla barua ya kumtaka arudishe pesa haijatumwa, na afisa akampa wiki. Wiki yote alikunja mashuka na neno halikutoka. Asubuhi alijiambia atasema wakati wa chai, wakati wa chai akasema baada ya kazi, baada ya kazi Twiga akawa na haraka, ana bomba la kufunga kwenye nyumba yake. Barua ikamtangulia. Jumatatu Twiga alikuja nayo kwenye mfuko wa aproni, akaiweka mezani katikati ya mashuka.

"Nimeisoma," alisema. "Ila nataka uniambie wewe."

"Inasema ulilipwa kwanza."

"Si ulinilipa mwenyewe?"

"Nilikulipa."

"Sasa mimi nimekosa nini?"

Kibiriti alimweleza, kwa kuruka ruka, akianzia mwisho. Alieleza kila kitu isipokuwa kwamba afisa aliuliza mara mbili. Twiga alimsikiliza mikono ikiwa imeshika shuka. Hakukasirika, au kama alikasirika, hasira yake ilikuwa ndefu kama yeye na bado haikuwa imefika usoni. Alipomaliza kusikiliza aliuliza jambo moja tu, arudishe au asirudishe, kwa Kibiriti kuna tofauti gani.

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa dogo, la neno moja, usirudishe. Kibiriti alilisikia linapanda, na nyuma yake akaona mshahara wa mwezi ule, na wa mwezi uliofuata, na simu, na godoro, na mumewe akipimiwa matone ya dawa kama sukari wakati wa vita. Akalimeza.

"Usiporudisha," alisema, "nitaendelea kukatwa mpaka nizeeke."

Ulikuwa ukweli mtupu, na ndivyo anavyoomba mtu mwenye haya. Hakuomba. Aliuweka ukweli mezani akauacha ufanye kazi yake, naye akalishika shuka lililofuata. Walimaliza lundo zima.

Twiga aliezua mwisho wa wiki. Kibiriti alijua kwa mikono ya mwenzake, kwa sababu Jumatatu ilikuja imechanika na kufungwa plasta vidole vitatu, na plasta moja ilikuwa ikiacha alama kwenye mashuka meupe. Bati lililokwishapigwa misumari lina matundu, na bati lenye matundu halina bei. Muuza vyuma alilichukua kwa nusu, tena kwa kulalamika. Nusu nyingine Twiga hakusema alikoipata, na Kibiriti hakuuliza, ingawa mtu asiyekuwa na pesa mahali pale alikuwa na mlango mmoja tu wa kubisha, nao ulitazamana na geti la hospitali.

"Nimeshapeleka," Twiga alimwambia. "Wamenipa risiti."

Kibiriti alisema asante. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka kama alisema na jingine, hakulipata.

Amri ya msamaha ilitoka mwezi uliofuata. Afisa alimpa mkono, akamsomea orodha ya madeni yaliyofutwa ili ayasikie moja moja, kwa kuwa aliona kwamba watu hupenda hivyo. Duka la mikopo limefutwa. Simu ya kwanza, ya pili na ya tatu zimefutwa. Kibiriti alihisi mabega yanashuka kila jina lilipotajwa. La mwisho lilikuwa la Twiga.

"Hilo litoe," alisema.

"Haliwezi kutolewa, mama. Aliporudisha pesa alikuwa mdai kama wenzake, akapata fungu lake dogo kwenye mgawo, na lililobaki limefutwa. Hakudai tena."

"Lakini mimi nataka kumlipa."

Afisa alikunja karatasi akampa. Alimwambia kwamba kwa mwaka mzima hali yake itaangaliwa, na akionekana ana ziada ya kulipa mtu mmoja pembeni, amri yote inaweza kubatilishwa. Mwaka ukiisha, hilo ni lake na moyo wake, serikali haimo.

Mwaka huo Kibiriti alishika mshahara mzima. Mara ya kwanza aliuhesabu kitandani, akauhesabu tena, akalia, mumewe akaupapasa kwa vidole akasema zimenona. Walinunua godoro. Walinunua dawa dozi kamili. Kila mwezi Kibiriti alimfikiria Twiga, na kila mwezi alijikumbusha kwamba afisa amekataza. Lilikuwa katazo la kweli, na alijificha nyuma yake vizuri sana. Mwaka ulipoisha, katazo likaisha nalo, na hapo ndipo akagundua kwamba mlango umeoza, kwamba viatu vya kazi vimekwisha, kwamba pesa za watu wanaoishi vizuri kidogo huwa na wenyewe kabla hazijafika. Akajiambia mwezi ujao. Wala hakuwa anadanganya, kila mara aliposema mwezi ujao alikuwa na maana ya mwezi ujao.

Twiga alirudi kupanga chumba kimoja kwenye uchochoro uliokuwa karibu na kazini. Alisema afadhali, nauli imepungua. Mvua zilipoanza hakuna aliyezitaja kuta zile, wala yeye wala Kibiriti. Waliendelea kukunja pamoja kwa sababu msimamizi hakuona sababu ya kuwatenganisha, kasi yao haikuwa imepungua, na msimamizi hupima kasi. Lakini mikono ilipokutana Twiga alizipokea pembe kwa ncha za vidole. Siku hizi aliitwa simuni mara kwa mara. Alikuwa akiondoka na kurudi na uso ule ule mkavu, akishika shuka alipokuwa ameliachia, na Kibiriti aliyejua kila neno analoambiwa kule hakuthubutu kumuuliza wanasema nini.

Siku moja Twiga alimuuliza ile ofisi yake iko ghorofa ya ngapi.

Walikwenda wawili, kwa sababu Twiga alisema ngazi za majengo ya watu zinamchanganya. Afisa alikuwa yule yule. Kama aliwakumbuka, uso wake haukusema. Kibiriti alipewa kiti cha pembeni, akasikiliza sabuni, mkaa, nguo za ndani, akimsikia Twiga akijikaza kama alivyojikaza yeye na akiambiwa asijikaze. Walipofika kwenye mali, Kibiriti aliingiwa na hofu, kwa kuwa kiwanja kilikuwepo na kuta zilikuwepo, na kikomo cha mali kilikuwa kidogo. Afisa akauliza kama nyumba ina paa. Twiga akasema haina. Afisa akageuza kurasa, akakokotoa, akasema basi bahati nzuri, kuta zisizo na paa huhesabiwa kama matofali tu, na kwa hesabu hiyo amepita. Alilisema kwa wema kabisa. Twiga alitikisa kichwa kukubali kwamba ni bahati.

Kuhusu kumlipa mdai mmoja na kuwaacha wengine, alisema hajamlipa yeyote. Afisa akaandika. Akageuza ukurasa wa mwisho.

"Na wewe je, mama," aliuliza, "kuna mtu unayemdai? Pesa unayodai kwa mtu nayo ni mali, lazima niiandike."

Kibiriti alikuwa umbali wa mkono. Alitaka kutajwa. Hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka wakati ule Twiga ageuke, amwonyeshe kidole, aseme huyu hapa, hata kama sheria ingecheka, hata kama afisa angesema limeshafutwa. Alifungua mdomo ili ajitaje mwenyewe, akaufunga, kwa sababu kujitaja sasa kungekuwa kumharibia mwenzake ombi, na kwa sababu nyingine ambazo hazikuwa nzuri kiasi hicho. Twiga hakugeuka. Alikuwa akimtazama afisa machoni kwa utulivu wake wa siku zote.

"Hakuna," alisema.

"Hata mmoja?"

"Hakuna, baba. Sina mtu."

Afisa aliandika hivyo, kisha akamgeukia Kibiriti, akamshukuru kwa kumsindikiza mwenzake.